Nenda Kwenye Mkutano Usio Wako

Kama unaishi Kampala na tangu upate akili umehudhuria mikutano ya chama kimoja tu, safari hii nenda kwenye ule wa wenzako. Sikutumi ukabadilishe kura. Kura ni siri yako, na kwenye sanduku utakuwa peke yako. Nakutuma kwa sababu mji huu umejaa watu wanaojuana kwa rangi ya fulana. Mwenye njano ya NRM, chama tawala, anaamini kwamba mwenye nyekundu ya NUP, chama cha upinzani, ni kijana wa gheto asiye na kazi wala adabu. Mwenye nyekundu anaamini kwamba wa njano amenunuliwa kwa kilo ya sukari na nauli ya kurudi. Halafu wote wawili wanabanana kwenye teksi moja, wanagombana na kondakta yuleyule kuhusu chenji, na mvua ikipiga wanakwama pamoja pale Clock Tower maji yakitafuta magoti yao.

Ushauri wangu ni wa mikono na miguu: uvae nini, usimame wapi, umsalimieje mtu, umuulize nini, uondoke saa ngapi. Wa namna ya kupendana sina.

Ila kuna jambo lazima litangulie, maana sisi waandishi tunaopenda kuhimiza maelewano huwa tunalipita kimyakimya. Viwanja havilingani. Chama tawala kikiita watu Kololo, palepale bendera ya Uganda ilipopandishwa Oktoba 1962, barabara hupangwa tangu asubuhi, mahema hufungwa, polisi huelekeza magari. Upinzani ukiita watu Nateete au Kawempe, polisi wapo vilevile, lakini wameugeukia umati na gari la maji ya kuwasha liko nyuma yao. Tarehe 18 Novemba 2020 Robert Kyagulanyi wa NUP, yaani Bobi Wine, alikamatwa Luuka akiwa kwenye kampeni ya urais. Katika ghasia za siku mbili zilizofuata, Kampala na miji mingine, walikufa watu 54 kwa hesabu ya serikali, na serikali yenyewe ilikiri kwamba baadhi yao hawakuwa waandamanaji, risasi iliwakuta tu.

Kwa hiyo nikisema vuka ukawasikilize wengine, simbebeshi kila mtu mzigo wenye kilo sawa. Shabiki wa Bobi Wine akiingia Kololo na shati lake la kawaida, mara nyingi hatari yake kubwa ni kuchoshwa na hotuba. Shabiki wa Rais Museveni akienda Kawempe anaweza kurudi nyumbani macho yamevimba kwa moshi ambao wenyeji wake hawakuurusha. Ndiyo maana naona wa kutangulia kuvuka ni wa njano. Akishapigwa moshi mara moja bega kwa bega na watu aliozoea kuwaita wahuni, mazungumzo ya jioni hiyo hayatahitaji mwezeshaji wa semina za hotelini.

Tuanze na mavazi. Acha nyumbani njano, nyekundu, na za vyama vingine pia, buluu ya FDC na kijani ya DP. Vaa shati la kazini, kijivu au kahawia, lisilosema kitu. Bereti nyekundu usiiguse kabisa hata kama umeipenda kwa urembo tu: tangu Septemba 2019 imeorodheshwa rasmi kuwa sare ya jeshi, na raia akikutwa nayo anaweza kushtakiwa. Viatu viwe vya kufunga kamba, kwani ndala huachwa nyuma dakika ya kwanza ya mbio. Beba kitambulisho cha taifa au nakala yake, noti ndogondogo, chupa ya maji na kitambaa. Simu iwe na chaji ya kutosha, lakini namba mbili za ndugu ziandike kwenye karatasi na uitie mfukoni, maana kwenye vurugu simu ndiyo hutangulia kuondoka, ama na mwizi ama na askari. Mkoba, kisu cha kumenyea maembe na mtoto mdogo vibaki nyumbani. Mwambie mtu mmoja unakokwenda na saa utakayompigia.

Saa nayo ina maana yake. Kwa taratibu za Tume ya Uchaguzi, kampeni hufungwa saa 12 jioni. Shida nyingi huchemka kuanzia saa 11: mgombea amechelewa, umati umesimama juani tangu mchana na haujamwona, na afande anatazama saa yake ya mkononi. Ningekuwa wewe, saa hiyo ningekuwa naelekea steji ya boda, bei tumeshapatana. Hotuba utaikuta redioni na kwenye TikTok kabla hujavua viatu. Na tafadhali usiondoke na msafara. Mimi kinachonitia hofu kuliko vyote kwenye kampeni zetu ni zile bodaboda zinazokimbizana na gari la mgombea, kila moja imebeba watatu, wa nyuma amesimama wima, na dereva ameachia mkono mmoja ili apige video.

Mabomu ya machozi yakianza, usisugue macho. Tembea kuelekea upepo unakotoka, osha uso kwa maji safi, pumua kupitia kitambaa. Usifuate kundi kubwa. Katiza pembeni, ingia kichochoroni, ingia dukani ikiwa mwenye duka amekukubalia. Kopo likidondoka mbele yako liache hapohapo, hata kama vijana wanakushangilia ulirudishe lilikotoka.

Nje ya msimu wa uchaguzi mambo ni mengine kidogo. Sheria ya Usimamizi wa Utulivu wa Umma ya mwaka 2013 inamtaka mwandaaji awaarifu polisi siku 3 hadi 15 kabla. Mwezi Machi 2020 Mahakama ya Katiba ilikibatilisha kifungu cha 8, kile kilichompa polisi mamlaka ya kuuzuia mkutano. Hiyo ni habari njema ya kwenye karatasi. Kabla hujapanda boda, piga simu kwa mtu aliyeko eneo la mkutano umuulize kama polisi wameifunga barabara.

Sasa, usimame wapi? Wengi hujisukuma mbele. Mbele kuna wapambe, kuna walioletwa na mabasi wakapewa kofia, kuna wapiga picha, na kuna vipaza sauti vinavyotikisa mbavu. Pale hapana mazungumzo. Nenda ukingoni, kwa wakaanga roleksi za chapati na mayai, wauza njugu na maji, na ikiwa ni Novemba, wapima panzi wa nsenene kwa kikombe. Ukingoni watu wanapumzisha miguu, wanasema wanachofikiri, na hakuna kamera ya kuwafanya wajikaze.

Nje ya uwanja mmoja niliwahi kumtazama mama aliyekuwa akiuza vitambaa vya kichwa. Siku ile ilikuwa ya njano, na kapu lake lilikuwa la njano tupu. Kijana mmoja akamuuliza kwa utani, "Mama, nyekundu huna?" Yule mama akatazama kushoto, akatazama kulia, akainua tandiko la chini ya kapu. Nyekundu zilikuwa pale, zimekunjwa mafungumafungu na kufungwa kwa raba. "Hizo ni za kesho," akasema. "Kesho nipo Bwaise." Bei je? "Bei ni moja, mwanangu. Askari wa jiji wakija kunifukuza nao hawaangalii rangi." Ukiwa na mtu kama huyo karibu, nunua kitu kwanza, kisha kaa naye. Atakuambia zaidi ya katibu mwenezi yeyote, kwa sababu amehudhuria mikutano yote na hakuna aliyemlipa ashangilie.

Salamu usiiruke. Kampala mtu hakujibu swali hata la njia kabla hujamsalimia, sembuse la siasa. "Gyebale ko, ssebo", "gyebale ko, nnyabo", kisha umpe nafasi ya kukurudishia. Mtu mzima mwite mzee au jajja. Usimwite bosi kana kwamba unatafuta vibarua. Na hapa nina neno kwetu sisi wapenzi wa Kiswahili. Katiba ya Uganda, kwa marekebisho ya mwaka 2005, inakitambua kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua kusukuma ufundishaji wake shuleni. Lakini kwa mzee wa Luweero au Mpigi, Kiswahili ni lugha aliyoisikia kwenye vizuizi vya barabarani, mwenye kuitamka akiwa na bunduki. Ukimwanzia nayo pale penye askari, atadhani umetumwa. Anza kwa Kiganda, hata kama ni kibovu. Akicheka lafudhi yako mtakuwa mmeshaanza. Kiswahili kitakuja chenyewe, kwani wengi wanakijua kuliko wanavyokiri.

Usimuulize mtu, "Unamuunga mkono nani?" Kwa asiyekujua, hilo ni swali la mpelelezi, na katika mji ambao watu wamechukuliwa na magari yasiyo na namba, anayo haki ya kukunyamazia. Muulize ametoka wapi, wamefikaje, mkutano uliopita ulikuwaje. Kisha nyamaza. Watu wetu hawahitaji maswali mengi. Wanahitaji mtu asiyewakatiza.

Ukingojea, neno moja litajitokeza lenyewe, katika kila mkutano, wa rangi yoyote: amani. Wa njano atakuambia Museveni ameleta amani. Mwekundu atakuambia hakuna amani. Hapo ndipo watu huanza kurushiana mate, kila mmoja akimwona mwenzake ama mjinga ama mnafiki. Wewe usibishane. Uliza mwaka.

"Mzee, mwaka gani unaoukumbuka amani haikuwepo?"

"Themanini na tatu. Tulilala porini na watoto wadogo, huku tunawaziba midomo wasilie. Tangu themanini na sita nalala kitandani kwangu."

Muulize na kijana wa miaka 25 aliyevaa nyekundu.

"Ishirini ishirini, Novemba. Kaka yangu alikuwa anafunga duka."

Haya si majibu ya watu wawili ninaoweza kukupeleka kwao. Ni majibu ambayo nimeyasikia kwa sura nyingi, majina ya vijiji na ya marehemu yakibadilika. Hakuna anayedanganya. Mzee anaishi na mwaka wa vita vya Luweero, na kila akilinganisha leo na siku zile, leo inashinda. Kijana amezaliwa baada ya 26 Januari 1986, siku jeshi la Museveni lilipoiteka Kampala, kama walivyo Waganda wengi mno wa leo, na porini hakuwahi kulala. Mwaka anaoujua ni ule ambao risasi ilimkuta mtu akifunga duka. Wakiendelea kubishana kuhusu Museveni watakesha. Ukiwauliza kila mmoja asimulie mwaka wake, watagundua jambo ambalo hotuba za jukwaani haziligusi: wote wawili wanamwogopa mtu yuleyule, yaani mwenye sare na bunduki ambaye hakuna wa kumuuliza alichofanya. Hapo wamesimama pamoja bila kubadilishana kadi za chama. Naamini huko ndiko maelewano ya kweli ya kisiasa ya nchi hii yaliko, na sijamsikia mgombea aliyeanzia hapo akiwa kwenye uwanja wenye watu wa pande zote.

Baadhi yenu mtasema tofauti zetu zimeingia hadi majumbani, haziponi kwa maswali. Zimeingia, kweli. Jaberi Bidandi Ssali aliwahi kuwa waziri katika serikali ya Museveni, akatoka, akagombea urais dhidi yake mwaka 2011 kupitia chama chake cha PPP. Mwanawe, mwanamuziki Bebe Cool, ni miongoni mwa sauti zinazomuunga mkono Museveni hadharani kwa miaka. Kizza Besigye alikuwa daktari wa Museveni msituni kabla ya kuwa mpinzani wake kwenye chaguzi nne. Mwanamuziki Buchaman alikuwa makamu wa Bobi Wine katika ile "serikali ya gheto" ya mtaa wa Kamwokya. Mwaka 2019 akateuliwa na Rais kuwa mjumbe wake wa masuala ya gheto. Siasa ya Kampala ni ya watu waliokula chungu kimoja. Ndiyo maana inauma, na ndiyo maana namba ya simu ya mwenzako bado unayo.

Likiisha la mwaka, uliza la mtaro. Yaani uliza jambo linaloshikika: maji ya mvua yanapita wapi kwenu, dawa kituoni zinapatikana siku ngapi kwa wiki, ada ya muhula huu imepanda kiasi gani, pesa za PDM zimewafikia? Huo mpango wa serikali wa tangu mwaka 2022, shilingi milioni 100 kwa kila parishi na milioni moja kwa mnufaika, umenipa mazungumzo matamu kuliko katiba yote. Wekundu wanaukopa kimyakimya. Wa njano wanaulalamikia kwa undani kuliko mpinzani yeyote, kwa sababu wao ndio waliofuatilia majina, wakahesabu siku, wakajua nani aliingizwa na nani alikatwa. Malalamiko makali zaidi dhidi ya serikali hii nimeyasikia chini ya mahema ya njano, kwa sauti ya chini, kati ya hotuba na hotuba. Kama hukuwahi kukaa pale, huwezi kujua kwamba yapo.

Na mambo yanayoshikika huwa yanafanya kazi. Aprili 2023 Jimmy Spire Ssentongo, mhadhiri na mchora katuni, aliwaalika watu mtandaoni waanike picha za mashimo ya barabara za Kampala kana kwamba ni maonyesho ya sanaa. Picha zilimiminika kutoka kila mtaa. Hakuna aliyetakiwa kutaja chama kabla ya kuweka shimo lake. Muda si mrefu Rais akaagiza zitolewe shilingi bilioni 6 za kuziba mashimo hayo. Nayajua mashimo yaliyorudi baada ya mvua mbili. Mtaani kwangu yamekuwa makubwa kuliko ya kwanza. Lakini kwa wiki kadhaa mji mzima ulizungumza jambo moja, na mwenye gari la kifahari na mwenye boda walijikuta wanapiga picha tope lilelile. Agosti 2024, dampo la Kiteezi lilipoporomoka na kuua zaidi ya watu 30, nyumba zilizofukiwa zilikuwa za wapiga kura wa kila aina, na takataka zilizowafunika zilikuwa zimetoka kwenye mapipa yetu sote.

Kuna mitego. Wa kwanza ni kabila. Mtu akishaanza kusema "hao wa magharibi" au "Baganda ndivyo walivyo", usimhubirie, muulize, "Nani hasa? Jina lake?" Mara nyingi atamtaja mkubwa fulani aliyemdhulumu ardhi au kazi. Basi mzungumzieni huyo. Kabila zima halikuwepo siku ile.

Wa pili ni zawadi. Usimcheke mtu kwa sababu amechukua fulana na soda. Fulana ni nguo, watoto wataivaa mwaka mzima na mbunge hatajua. Jirani zetu wa Tanzania walishalimaliza jambo hilo kwa msemo wao wa kula kwa huyu na kura kwa yule. Anayemdharau mwenzake kwa kilo ya sukari, aghalabu sukari kwake haijawahi kuisha.

Wa tatu ni simu yako. Usipige picha uso wa mtu bila ruhusa ukaurusha mtandaoni na maneno ya kejeli. Picha ya jirani akiwa kwenye mkutano "usio wake" inaweza kumkosesha kazi au nyumba ya kupanga. Na maneno yako mwenyewe nayo yapime: Julai 2024 kijana mmoja alifungwa miaka 6 kwa video za TikTok za kumtukana Rais na familia yake. Unaweza kuiona adhabu hiyo ya kikatili, kama ninavyoiona mimi, na bado ukaweka simu mfukoni.

Mkutano wa hadhara peke yake, hata hivyo, ni mahali pabaya pa kujadiliana. Umeumbwa ili mmoja aseme na elfu waitikie. Utakachokipata pale ni watu. Mazungumzo yanahitaji meza, na Kampala tuliwahi kuwa nayo. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 kulikuwa na ebimeeza, mijadala ya wazi iliyorushwa na redio moja kwa moja kutoka baa. Maarufu zaidi kwa Kiingereza ulikuwa wa Radio One pale Club Obbligato, Jumamosi. Kwa Kiganda, watu wa redio CBS walikuwa na wao walioupa jina la Kiswahili, Mambo Bado. Wabunge, wauza spea wa soko la Kisekka, wanafunzi wa Makerere na makada wa pande zote waliketi wakiagiza bia na nyama. Jina lako unaliandika kwenye orodha, mwenyekiti anakuita, unapewa dakika zako chache, zikiisha umeisha. Ukimkatiza mwenzio unazomewa hata na watu wa chama chako. Septemba 2009, baada ya ghasia zilizotokana na Kabaka, mfalme wa Buganda, kuzuiwa kwenda Kayunga, serikali ilizifunga redio kadhaa, CBS ikiwemo, na ebimeeza vikapigwa marufuku. CBS ilirudi hewani mwaka uliofuata. Meza hazikurudi.

Unaweza kuandaa ya kwako ya watu wanane bila redio. Siri ya zile za zamani ilikuwa orodha na saa, kwa hiyo viige hivyo viwili kama vilivyo. Mwenyekiti awe mtu anayeheshimiwa kwa jambo lisilo la siasa: fundi, mwalimu, mama wa chama cha kuweka na kukopa. Anayetaka kusema ajiandikishe. Dakika tatu, kengele ya simu ikilia mtu anakaa. Mada iwe moja na iwe ya mtaa wenu. "Mustakabali wa taifa" waachieni wenye vipaza sauti. Na kila mzungumzaji kabla ya kutoa hoja yake arudie kwanza ya aliyemtangulia, mpaka yule wa kwanza aseme, "Ndiyo, hivyo ndivyo nilivyosema." Inachosha. Watu watanung'unika mara mbili za kwanza. Baadaye utaona kelele zinapungua, kwani ni vigumu kumfokea mtu ambaye umetoka kurudia maneno yake kwa kinywa chako.

Nawajua wasomaji watakaosema hiyo ni michezo, kwamba wakubwa wakipatana juu, wadogo watafuata. Tazameni Zanzibar. Kwa miaka baada ya uchaguzi wa 1995 watu wa CCM na CUF, hasa Pemba, walisusiana maduka, harusi, hata mazishi. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Karume wa CCM na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF walikutana, na Julai 2010 asilimia 66 ya waliopiga kura ya maoni wakakubali serikali ya umoja. Watu walirudi kuzikana. Lakini uchaguzi wa Oktoba 2015 ulipofutwa, serikali ile ilivunjika, na hofu ya zamani ikarudi barazani. Mapatano ya juu hufungua mlango. Kama chini hamna watu waliozoea kukaa pamoja, mlango hufungwa na upepo wa kwanza. Sisi Uganda hata huo wa juu hatujafunguliwa, kwa hiyo tunaanza na tulichonacho.

Na tulichonacho ni LC1, baraza la kijiji. Tarehe 10 Julai 2018, baada ya miaka 17 bila uchaguzi wa vijiji, tulichagua wenyeviti wetu kwa kupanga mstari nyuma ya mgombea, mchana kweupe, kila mtu akiona mgongo wa jirani yake. Wengi walitabiri vijiji vitachinjana. Kwenye mitaa mingi jioni ile aliyeshindwa na aliyeshinda walikuwa wanatumia bomba moja la maji. Kwa hiyo yule uliyekutana naye ukingoni mwa mkutano, kama anakaa zoni yenu au ya jirani, mwombe namba. Subirini wiki mbili joto lipoe. Kisha nendeni pamoja kwenye kikao cha LC na jambo moja la mtaro, la taa au la takataka. Nendeni na picha tatu zenye tarehe, na karatasi yenye majina ya nyumba zinazoguswa, angalau kumi, zikiwemo za wale ambao mwenyekiti anajua hawakusimama kwenye mstari wake. Ombeni liandikwe kwenye daftari la kikao, na mpige picha ukurasa huo. Mwenyekiti akiuliza ni nani kawatuma, ajibu yule kati yenu mwenye fulana ya rangi ya mwenyekiti.